Shingo ya Darubini

Habari ya kifo cha Maalim Mbarouk ilinikuta kwa kinyozi, Dar es Salaam, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado. Aliyepiga simu ni mkewe mwenyewe, Bi Zuwena, ambaye hapendi simu, na alisema kwa ufupi wake wa siku zote, "Maalim katutoka. Tunazika baada ya alasiri. Ukiwahi, utawahi." Nilimwomba kinyozi amalize upande wa pili, maana hata msibani mtu anatakiwa aonekane mzima, nikaenda uwanja wa ndege na shati lililojaa nywele. Ndani ya ile ndege ndogo ya kwenda Pemba nilijaribu kuikumbuka sura ya Maalim, nikashindwa. Kilichonijia ni chumba. Kilikuwa ghala ya karafuu iliyotiwa kitanda, na harufu ya karafuu ilikuwa imeingia ukutani kiasi kwamba mwezi wa kwanza kila nilichokula kilikuwa na ladha ya dawa ya meno. Pembeni mwa kitanda kulikuwa na kasha refu la mbao, na ndani ya kasha, imevikwa kanga mbili kuukuu za Bi Zuwena, ililala darubini. Dirisha moja tu, lililotazama uani, na kwa dirisha hilo nilisikia kila kitu kilichosemwa juu yangu kwa mwaka mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita Unguja, nasubiri chuo kikuu, na sikuwa na shaka na jambo lolote duniani. Walinipeleka Makangale kusomesha hesabu katika skuli isiyokuwa na mwalimu wa hesabu, na kwa kuwa haikuwa na nyumba ya mwalimu pia, nikapewa ghala ya Maalim Mbarouk. Yeye alikuwa amesomesha sayansi Wete mpaka alipostaafu, kisha akarudi kwenye shamba la wazee wake karibu na msitu wa Ngezi, na kilichobaki cha shamba lile kilikuwa mikarafuu michache, ukuta wa mawe ulioanguka na jina. Usiku wa kwanza nilimsikia Bi Zuwena akisema uani, "Mwembamba huyo. Na Kiunguja chake hicho, kama anaimba." Maalim akajibu, "Anajua hesabu." Bi Zuwena akasema, "Hesabu hazishibishi." Asubuhi aliniwekea mikate mitatu ya mofa na bakuli la chukuchuku ya changu, mchuzi mwepesi wa samaki ulionitoa machozi kwa pilipili, akakaa mbele yangu mpaka chini ya bakuli pakaonekana.

Darubini aliletewa Maalim kutoka Maskati na shemeji yake, kaka wa Bi Zuwena, na alikuwa ameijengea banda juu ya kijilima nyuma ya msikiti, mwendo wa hatua mia mbili kutoka nyumbani. Paa la banda lilikuwa la makuti, limekatwa vipande viwili, na ukitaka kuangalia mbingu ulilivua kama mtu anavyovua kofia. Mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe KITUO CHA NYOTA, na wanakijiji waliita "kwa durubini". Kazi yangu niliyopewa baada ya wiki mbili ilikuwa kushughulika na shingo. Shingo ni kile kiungo cha chuma kinachobeba darubini na kuigeuza ifuate nyota inavyokwenda. Kile cha Maalim kilitengenezwa kwa watu wa Ulaya, na kitabu chake cha maelekezo kilisema uanze kwa kukielekeza kwenye nyota ya kaskazini, nyota ambayo sisi hatuioni kwa sababu imezama chini ya upeo wa macho. Kwa Ulaya shingo husimama imeinuka. Kwetu, karibu na mstari wa kati wa dunia, inatakiwa ilale karibu sawa na sakafu, imenyooka kusini na kaskazini. Maalim alimwendea seremala wa Konde akamchongea kabari ya mvule, na chuma kile cha fahari kikalazwa kama mgonjwa wa mgongo. Ukishailaza barabara, unazungusha kifundo kimoja tu, na nyota inakaa ndani ya tundu kama imepigwa msumari. Ukikosea kidogo, nyota inateleza. Mimi nilizungusha kifundo hicho kwa heshima ambayo sijawahi kukipa chombo kingine chochote, gari langu la kwanza likiwemo.

Mstari wa kusini na kaskazini Maalim hakuupata kwa dira. Aliupata kwa kusimamisha kijiti juani na kuweka alama kivuli kinapofika kifupi kuliko vyote, siku baada ya siku, mwezi wa Juni na mwezi wa Disemba, jua linapokuwa mbali na utosi na kivuli ni kirefu cha kutosha. Alikuwa ameuchora ule mstari kwa msumari kwenye sakafu ya saruji. Nilimwambia kwamba kuna njia za haraka zaidi. Aliniangalia kwa upole na kusema, "Zipo. Na miye nina haraka ya nini?"

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipita nikiwa bado mgeni pale. Siandiki hapa nani alishinda, kila mtu ana jibu lake na kila jibu lina wenyewe. Naandika nilichokiona. Maduka mawili yaliyokuwa yakitazamana yaligawana wateja. Mtu alitembea na mafuta yake ya taa kutoka kijiji cha pili ili asinunue kwa jirani. Harusi ilikuwa na pilau nusu, maana nusu ya kijiji haikuja. Msikitini, Shehe Khamis aliyekuwa imamu alikuwa wa upande wa wengi, na wale wachache, wakiongozwa na mzee mmoja mkavu, mwenye utani mwingi, aliyeitwa Mzee Faki, walingoja nje chini ya ukingo wa paa mpaka sala ya jamaa ya kwanza iishe, ndipo wakaingia kusali yao. Msikiti mmoja, kisima kimoja cha kutawadhia, sala mbili. Maalim Mbarouk alisali na hawa siku moja na wale siku ya pili, na kwa hiyo hakuaminiwa sana na upande wowote, jambo lililompa amani.

Ramadhani ilipoingia, akapata fikra. Alihofia mwandamo. Alisema uani, Bi Zuwena akichambua mchele, mimi nikisikiliza dirishani kama kawaida, "Mwezi wa Idi wataufanyaje? Akiuona wa huku, wa kule hatakubali. Akiuona wa kule, wa huku hatakubali. Tutakuwa na Idi mbili, na baada ya Idi mbili utabaki kujengwa msikiti wa pili." Bi Zuwena akasema, "Basi waonyeshe weye." Ilikuwa kejeli, lakini Maalim aliichukua kama ilivyo. Siku tatu alizunguka kutoka barza hadi barza. Mwisho wakakubaliana, na kwa miaka yote niliyoishi sijaona makubaliano magumu kuliko yale: jioni ya ishirini na tisa, watu sita wa huku na sita wa kule watapanda kwa durubini. Shehe Khamis alitia sharti kwamba chombo kioneshe pahala tu, jicho ndilo litakaloshuhudia. Mzee Faki alitia lake kwamba atakayeshika chombo asiwe wa huku wala wa kule. Wote wakanigeukia mimi, Muunguja, mwembamba, nisiyejua kula pilipili. Litakalotoka pale, walisema, litamfunga kila mtu.

Maalim alikwenda Wete wiki moja kutazamwa kifua, akaniachia banda. Na mimi, kwa kutaka wageni kumi na wawili wakanyage pahala pa heshima, nikaitoa shingo nje, nikachanganya saruji nikaipiga sakafu upya. Ilitoka laini kama kioo. Nilikuwa nimekwisha kuisugua mara ya pili na nimesimama kuisifia ndipo nilipokumbuka kwamba mstari wa Maalim uko chini yake.

Mtu mwenye akili angekiri. Mimi nilikuwa na elimu. Kivuli cha mchana hakikunifaa. Jua la mwezi ule lilikuwa karibu na utosi na kijiti kiliangusha kivuli cha kidole, hakipimiki. Lakini katika ramani ya skuli nilikuwa nimeona kwamba Makka na Pemba zimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, moja juu, moja chini. Maana yake, kwetu sisi, anayeelekea kibla anaelekea kaskazini hasa. Na msikiti ulikuwa pale pale chini ya kilima, umeelekezwa tayari. Nilipanga vijiti kutoka ubavu wa ukuta wake mpaka juu bandani, nikavuta kamba, nikailaza shingo juu ya mstari wa kamba, nikaijaribu kwa nyota moja dakika mbili. Ikatulia. Nililala usiku ule nikitunga maneno nitakayotumia kumweleza Maalim baada ya mwezi kuonekana, ili hila yangu nimpe pamoja na ushahidi wake.

Aliporudi alipanda bandani polepole, akikohoa. "Sakafu nzuri," alisema. "Na shingo?"

"Kama ulivyoiacha, Maalim."

"Mstari je?"

"Nimeuhamishia juu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nimesema uongo mwingi baada ya hapo, mwingine nimeuchapisha, lakini ule bado nausikia kwa sauti yangu ya miaka ishirini.

Jioni ya ishirini na tisa wakaja wote kumi na wawili. Walisimama mafungu mawili, katikati pengo la hatua mbili, kama wanaogombea mwali. Jua likatumbukia kwenye ukuta wa mawingu kabla sijalinasa, kwa hiyo sikuweza kuanza na jua kisha nikahesabu kutoka hapo kwenda mwezini, kama Maalim alivyokusudia. Nilibaki na namba za vipimo zilizochongwa kwenye shingo tu. Nilizipanga, na chini kidogo, magharibi, mawingu yakafunua mwanya safi. Wakaanza kupanga foleni, mmoja wa huku, mmoja wa kule.

"Inama, Faki, mbona unainamia kama unaangalia sufuria?" alisema mmoja wa upande wa Shehe.

"Naona weupe."

"Ndiyo mbingu hiyo. Mwezi je?"

"Mwezi wenu umejificha. Kaona mna Shehe."

Wakacheka. Pengo la hatua mbili likapungua bila mtu kuliona. Kwa robo saa watu kumi na wawili wenye macho mazima walipokezana tundu moja, au walikodolea pale hasa ulikoelekea mdomo wa darubini, na hakuna hata mmoja aliyetupa jicho pembeni, kwa sababu mtu wa hesabu alikuwa amewaambia watazame hapo. Mawingu yakafunga. Shehe Khamis akasema, "Hakuandama. Tunakamilisha thelathini." Mzee Faki akasema, "Tunakamilisha." Maalim akafumba macho, na nadhani alikuwa akishukuru.

Kilichofuata ndicho ninachokitamani mpaka leo, na ndiyo aibu yangu, kwamba saa ile niipendayo kuliko zote katika ujana wangu ilizaliwa na kosa langu. Adhana ilikuwa imekwisha kutolewa na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuteremka na njaa. Bi Zuwena akapandisha sinia mbili, tende, uji wa mtama, muhogo wa nazi na pweza aliyepikwa mpaka akalainika, na kwa kuwa sinia zilikuwa mbili na watu kumi na wanne, walikaa walivyojikuta. Niliona mkono wa Mzee Faki na mkono wa Shehe Khamis ikikutana kwenye kipande kimoja cha pweza, na Shehe akakisukuma upande wa mwenzake kwa ncha ya kidole, pasipo kumtazama. Kisha tukateremka sote, na msikitini magharibi ile ilisaliwa mara moja. Hakuna aliyengoja nje. Nilikuwa safu ya tatu, magoti yangu yana vumbi la saruji, nikijiona kwamba mimi, Othman, ndiye niliyeipatanisha Pemba.

Usiku redio ilitangaza Idi. Waliokuwa wengi hawakuiamini redio kwa sababu ilikuwa ya serikali. Wachache waliiamini, lakini walikuwa wamekwisha kutoa ahadi mbele ya Maalim, na hawakutaka kuwa wa kwanza kuivunja. Wote wakala daku. Saa tatu asubuhi wakaja wazee wawili kutoka Kiuyu, wanaoheshimiwa na pande zote, wamevaa kanzu za sikukuu, wakatukuta tumefunga. Mwezi Kiuyu uliandama kwa macho matupu. Hata wanawake waliokuwa wakianua nguo waliuona.

Watu wakakusanyika uwanjani kwa msikiti, wakinywa maji kwa hasira. Shehe Khamis alisema, "Maalim, tumefunga siku ya haramu." Mzee Faki akaongeza, "Tena kwa makubaliano." Hakuna aliyecheka. Kutoka nyuma mtu akasema kwamba chombo kimefanyiwa hila na wa kule. Mwingine akasema hila ni ya huku. Maalim alikuwa tayari amepanda bandani alfajiri. Nilimwona akirudi na kamba yangu imekunjwa mkononi, na nikajua kwamba anajua. Sasa alisimama mbele ya wote, mfupi, kanzu imefungwa vibaya vifungo, akasema, "Hakuna hila. Nilikosea hesabu. Macho yangu yamezeeka na sikutaka kuwaambia. Niwieni radhi."

Nilifungua mdomo. Akanitangulia, bila kupandisha sauti, "Othman, nenda kamsaidie Bi Zuwena kuteremsha sufuria." Nami nikaenda. Mtu akiambiwa aondoke pahala anapoogopa kukaa, miguu yake haiulizi mara mbili.

Alinikuta uani. "Kamba uliivuta kutoka wapi?"

"Ubavuni mwa msikiti."

Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akainua vidole viwili mbele ya jicho lake. "Digrii nne," alisema. "Msikiti umekwenda upande digrii nne. Najua miaka ishirini sasa, kivuli kilinambia. Kibla ni upande, ntu akielekea upande ule kasali, haina neno. Lakini nyota ni nukta."

"Na hukumwambia mtu?"

"Zamani ningewaambia tungecheka, tukageuza mikeka. Sasa hivi nikisema leo, Ijumaa itakuta kibla ya wa huku na kibla ya wa kule, na kila mmoja anamwambia mwenzake sala zake za maisha zote hazikuswihi."

"Basi niseme ni mimi. Nimekosea mimi."

"Watauliza umekosea vipi. Na weye hujui kusema uongo, Othman. Umejaribu mara moja tu, na tazama."

Walimpa jina. Mzee Haoni. Watoto wa skuli, wanafunzi wangu mwenyewe, walitembea nyuma yake wakipapasa hewa, na watu wazima hawakuwakemea. Niliogopa kula katika nyumba ile. Bi Zuwena akaniwekea sahani akasema, "Kula. Ukifa na njaa hatakuwa ameona zaidi." Lakini usiku nilimsikia dirishani: "Mwanamme aliyesomesha nusu ya Wete anaitwa kipofu, kisa kijana aliyekuja na begi moja." Na Maalim akamjibu, "Wanacheka pamoja, Zuwena. Hujawasikia? Barza zote mbili." Ilikuwa kweli. Sala zilirudi kuwa mbili baada ya wiki, na zikabaki mbili miaka mingi, lakini msikiti wa pili haukujengwa, na jambo pekee ambalo wa huku na wa kule walilizungumza kwa furaha, hata kisimani, lilikuwa upofu wa Maalim Mbarouk.

Nilikaa naye mpaka mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Juni tulisimamisha kijiti tukauchora mstari tena, yeye akiketi kivulini, mimi nikiweka alama, na hakuna aliyekuja kuangalia nyota isipokuwa sisi. Sijui kwa nini ninaitamani ile miezi ya fedheha kuliko heshima zote nilizopata baadaye kwa kuandika juu ya mambo ninayoyajua nusu. Labda kwa sababu mtu aliyekuwa na haki ya kunichukia alinifundisha kuunga nazi katika uji. Nilimwandikia barua kutoka chuoni, nikaja kumwona mara chache, na kila mara niliondoka sijasema nililokuja kusema. Yeye alizungumzia kikohozi chake na bei ya karafuu. Miaka mitatu imepita tangu tumzike. Mwaka huu msikiti ule wa zamani umevunjwa, na mpya umejengwa kwa kibla iliyopimwa. Nasikia kikao cha kukubaliana kilichukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Ndiyo maana nimeweza kuandika haya. Ningefurahi kuwa na sababu bora zaidi.

Siku ile ya maziko nilifika Makangale kabla ya alasiri, na baada ya kumsalia tulimpeleka shambani kwake. Wachimbaji walikuwa wamelinganisha kaburi na msikiti kwa jicho, kama walivyofanya kwa wote waliolala pale. Mpwa wake Bi Zuwena, karani wa Wete, akainama na simu yake juu ya mwanandani wa kaburi, akaizungusha, akasema, "Samahanini wazee. Simu inasema kibla iko hivi, kidogo huku." Mchimbaji mmoja akasema simu haijazika mtu. Mwingine akasema simu haina chama, isikilizwe. Nikahisi ule uwanja wa asubuhi ya Idi ukikusanyika upya kuzunguka shimo, na maiti ingali juu ya jeneza. Mzee Faki, mgongo umepinda, fimbo mkononi, alinitafuta kwa macho.

"Weye ndiye uliyeshika durubini yake," alisema. "Wasemaje?"

Digrii nne. Nilikuwa na uwezo wa kumlaza sawasawa, yeye aliyepima maisha yake yote, na hata kumrudishia macho yake mbele ya wale wote kwa sentensi tatu. Nilizipanga zile sentensi. Zilikuwa nzuri.

"Fuateni msikiti," nilisema.

Karani akaitia simu mfukoni. Tukamshusha Maalim Mbarouk, tukamlaza kwa ubavu wake wa kulia, akielekea walikoelekea wenzake.